Weupe watatu juu ya Spitfire moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Tanga na huu ni mwaka wangu wa pili wa kujenga modeli za plastiki. Nimemaliza Spitfire Mk.I, toleo la kwanza la ile ndege ya kivita ya Uingereza, modeli ya kampuni ya Airfix, skeli ya 1/72 (yaani ndege halisi imepunguzwa mara 72). Nilipaka rangi za akriliki za Tamiya kwa brashi, nikabandika stika za maji, kisha nikapuliza vanishi ya kopo isiyong'aa jioni moja baada ya mvua. Asubuhi nikakuta ukungu mweupe bodi nzima. Stika nazo zinametameta kwa chini kana kwamba zimewekewa karatasi ya fedha, na kioo cha rubani, nilichokibandika kwa supaglu, kimeingia weupe kwa ndani. Ukiitazama kwa karibu unaona pia michirizi ya brashi. Rafiki yangu naye anasema rangi ya tumboni si yenyewe. Je, niioshe yote nianze upya? Na nikinunua kompresa ya kupulizia rangi, haya yataisha?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usiioshe. Spitfire uliyoieleza bado ni nzima, na karibu kila unachokilalamikia kiko kwenye matabaka ya juu kabisa, ambako bado unaweza kukifikia. Ukiitumbukiza sasa kwenye kiyeyusho utapoteza stika zote, na ukirudia kazi kwa utaratibu uleule katika hewa ileile utapata weupe uleule. Kwanza tujue umetoka wapi.

Umenisaidia sana kuandika "jioni moja baada ya mvua". Wengi wanaoniletea tatizo la ukungu hunitajia jina la vanishi na bei yake, hawataji saa waliyopuliza. Kwa mtu wa Pwani, saa ndiyo ninayoiuliza kwanza. Mafunzo mengi tunayoyafuata yametengenezwa na watu wanaofanya kazi kwenye vyumba vyenye hita au kiyoyozi, hewa yao ni kavu, hivyo hawana sababu ya kuzungumzia unyevunyevu. Mtu wa Tanga, Mombasa, Unguja au Lindi anayafuata hatua kwa hatua, anapata matokeo mengine kabisa, halafu anaulaumu mkono wake. Katika maelezo yako sijaona mkono mbaya. Nimeona hewa yenye maji mengi, na matabaka yaliyokosewa mpangilio.

Weupe wako ni wa aina tatu na kila mmoja una chanzo chake. Tuanze na ukungu wa bodi nzima, maana huo ndio unaokutisha.

Vanishi ya kopo ni utomvu ulioyeyushwa ndani ya kiyeyusho kinachokauka upesi. Kiyeyusho kinapopaa kinaondoka na joto, kwa hiyo uso wa modeli unapoa ghafla kwa muda mfupi. Hewa ya Tanga jioni baada ya mvua imebeba mvuke mwingi. Mvuke huo ukigusa uso uliopoa unageuka vitone vidogo mno, vanishi inakauka navyo ndani, na mwanga ukifika hapo unatawanyika. Ndipo jicho linaona ukungu.

Lakini kuna vyanzo vingine viwili vinavyofanana na hicho, na tiba zake zinatofautiana kidogo, kwa hiyo usikimbilie kopo kabla hujapima. Vanishi isiyong'aa ina unga laini, aghalabu wa silika, unaoufanya uso uwe na mikwaruzo midogo isiyoonekana ili usirudishe mwanga. Unga huo hulala chini ya kopo. Kopo lisipotikiswa vya kutosha, au ukipuliza tabaka nene kwa mara moja, unga unarundikana mahali pamoja na kuacha weupe. Chanzo cha pili ni umbali: ukipuliza kutoka mbali sana, matone yanakauka yakiwa bado hewani na kutua kama vumbi. Hilo utalijua kwa kidole, uso unakuwa na chengachenga.

Fanya jaribio hili. Chukua brashi laini iliyo safi, ichovye kwenye maji, gusa sehemu ndogo chini ya bawa ambako hakuonekani. Tazama ukiwa umeinamia taa. Kama weupe unatoweka pale palipolowa na kurudi maji yakikauka, tatizo liko juu ya uso tu: ni unga au vumbi, na tabaka jembamba la vanishi ya kung'aa litajaza mikwaruzo hiyo na rangi yako itarudi mbele ya macho yako. Kama weupe unabaki hata palipolowa, unyevu umenaswa ndani ya vanishi yenyewe. Hapo pia utatumia vanishi ya kung'aa, ila iwe ya kopo na ya kampuni ileile, kwa sababu tunataka kiyeyusho chake kilainishe tabaka la chini na kufungua njia ili unyevu utoke. Puliza kidogo sana, pita mara moja, subiri robo saa, pita tena. Ukimwaga kwa mara moja utaiyeyusha na rangi ya chini.

Sasa saa ya kupulizia. Unyevunyevu wa hewa huwa juu alfajiri, hushuka jua likipanda, na huwa chini zaidi kuanzia saa saba mchana hadi saa tisa, kisha hupanda tena jioni. Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Hakina bei kubwa, na kitakufaa kuliko brashi ya bei ghali. Kikisoma chini ya asilimia 60, puliza bila wasiwasi. Kati ya 60 na 70, puliza matabaka mepesi na uwe na subira. Kikivuka 70, fanya kazi nyingine: safisha maungio, paka magurudumu, kata vipande. Kipindi cha masika, kuanzia Machi hadi Mei, zitakuja wiki nzima ambazo kipimo hakishuki, na wiki hizo ni za kuunganisha plastiki, si za kupuliza vanishi.

Kama nyumbani kuna kiyoyozi, kitumie kwa kukaushia. Wengi hukosea hapa: wanaacha modeli usiku kucha kwenye chumba chenye AC, asubuhi wanaitoa barazani ikiwa baridi na kuipuliza palepale. Plastiki iliyopoa ikikutana na hewa ya nje inashika umande mara moja, hata kama huuoni. Fanya kinyume. Iache modeli nje kivulini nusu saa ipate joto la hewa ile, pulizia hapohapo nje mchana, ngoja dakika kumi harufu kali ipungue, kisha iingize kwenye chumba chenye AC ikaukie humo. Kopo nalo liweke dakika kadhaa ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia bila shida. Kamwe yasiwe ya moto wala usilikaribishe na jiko, litapasuka. Litikise dakika mbili kamili, shika umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza kabla ya ncha ya bawa na uachie baada ya kuipita.

Weupe wa pili ni wa stika, na huu hauhusiani na hewa hata kidogo. Zile Tamiya zenye alama ya XF ni rangi zisizong'aa. Uso wake ukitazamwa kwa kioo cha kukuzia una vilima na mabonde. Stika ni utando mwembamba. Ukiulaza juu ya vilima unashika vileleni tu, mabondeni kunabaki hewa, na hewa hiyo ndiyo inayorudisha mwanga na kukuonyesha rangi ya fedha. Itaonekana zaidi pembezoni mwa herufi za kijivu za kikosi, ambako kuna utando mtupu usio na wino. Ndiyo maana modeli hupakwa vanishi ya kung'aa kabla ya stika: kuyajaza yale mabonde. Mpangilio ni rangi, vanishi ya kung'aa, stika, vanishi ya kung'aa tena ya kuzifungia, halafu vanishi isiyong'aa mwisho kabisa. Ukiruka hatua ya pili, hakuna ustadi wa kubandika utakaokuokoa.

Zako tayari ziko chini ya vanishi, hivyo dawa ya kulainisha haitapenya yenyewe. Chukua sindano nyembamba kabisa au ncha ya wembe mpya. Taa ikiwa ubavuni, tafuta kila panapometa, toboa vitundu vidogo vingi, vishuke hadi chini ya utando bila kuchimba plastiki. Kisha weka tone la dawa ya kulainishia stika, kwa mfano Micro Sol au Mr. Mark Softer, kwa brashi ndogo. Utaona dawa ikinyonywa kupitia vitundu na weupe ukififia pale pale. Stika inaweza kujikunja na kutisha. Usiiguse, itajinyoosha yenyewe ikikauka. Iache hadi kesho, tazama tena, rudia. Kazi hii huchukua siku kadhaa na hailazimishwi. Mahali patakapogoma kabisa, chukua rangi uliyotumia, brashi ya nukta, upake juu ya ule utando mtupu kuzizunguka herufi. Kwa skeli ya 1/72 hakuna atakayegundua.

Kama Micro Sol haijakufikia, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inasaidia, ingawa nguvu yake ni ndogo. Jaribu kwanza kwenye stika usiyoihitaji. Kwenye karatasi ya Airfix hubaki nyingi. Kwa modeli ijayo, siki hiyo hiyo ipake mahali stika itakapokaa kabla ya kuiteremsha. Stika yenyewe iloweshe kwenye maji ya vuguvugu sekunde 20 hivi, itoe, iache juu ya tishu mpaka ianze kuteleza juu ya karatasi yake. Ukiiacha ielee bakulini, gundi yote inaishia majini. Ikishakaa, ibonyeze kwa pamba ya vijiti kuanzia katikati kwenda pembeni ili maji na hewa vitoke.

Weupe wa tatu, wa kioo, ni supaglu. Gundi ile hukauka kwa msaada wa unyevu. Ukiweka nyingi, mvuke wake unapanda, unakutana na unyevu uliomo hewani, unaganda kama unga mweupe na kutua juu ya kitu kilicho karibu. Ndani ya chumba cha rubani kilichofungwa mvuke hauna pa kwenda ila kwenye kioo. Kwa hewa yetu, vioo vya modeli na supaglu visikutane kabisa. Tumia gundi nyeupe ya mbao: inakauka bila mvuke, inakuwa angavu, na ikimwagika unaifuta kwa maji.

Kioo chako kinategemea kilivyoshikwa. Ingiza ncha ya wembe kwenye ungio la nyuma na ukijaribu kidogo kidogo. Supaglu hushika sana ukivuta lakini huachia ukikunja, hivyo mara nyingi kioo hutoka kizima. Kikitoka, kisugue ndani kwa dawa ya meno na kitambaa laini cha pamba, kioshe, kikauke, kisha kichovye kwenye vanishi ya kung'aa ya maji na ukisimamishe juu ya tishu chini ya bakuli lililofunikwa, vumbi lisikipate. Kitakuwa angavu kuliko kilivyotoka kwenye boksi. Kikikataa kutoka, usilazimishe. Kioo kilichopasuka hakina tiba, kilicho na ukungu kinavumilika.

Kuhusu michirizi, hapa nina mengi ya kusema, maana ndiyo inayowakatisha tamaa wanaoanza kwa brashi.

Akriliki ya Tamiya ni nzuri sana kwa kupulizia na ni ngumu kwa brashi, hasa kwenye joto la nyuzi 30. Kiyeyusho chake kina alkoholi, kinapaa upesi. Unapaka mstari wa kwanza, unapofika mwisho wa bawa mwanzo wake umeshaanza kushika. Unarudi kusawazisha, brashi inaburura utando uliokauka nusu, na mchirizi unazaliwa. Unasubiri, unapaka tabaka la pili, alkoholi yake inalainisha la kwanza na kulinyanyua. Mtu anadhani dawa ni kuongeza rangi. Anaongeza, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Fikiria vipimo. Spitfire halisi ilikuwa na mabawa yenye upana wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Yako ina sentimita 15.6. Rangi yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita juu ya modeli yako ni sawa na milimita 7 na zaidi juu ya ndege halisi. Hakuna rubani angeruka na rangi ya unene wa kidole. Ile mistari ya maungio ya bati iliyochongwa kwenye plastiki, ukiijaza rangi, haitarudi. Kwa hiyo kila ninachokueleza juu ya brashi kinarudi kwenye jambo hilo moja: wembamba.

Kama utaendelea na Tamiya kwa brashi, ongeza thina yake ya X-20A na matone machache ya dawa ya kuchelewesha kukauka, wanayo yao. Tumia brashi bapa ya nyuzi laini za sintetiki, upana wa milimita 6 hadi 10 kwa bawa la skeli hii. Brashi ndogo ndiyo inayoleta mistari, kwa sababu inakulazimisha upite mara nyingi. Paka upande mmoja, pita mara moja, ondoa mkono. Tabaka la kwanza litakuwa baya, plastiki itaonekana, liache hivyo. La pili baada ya siku nzima, safari hii ukivuka mwelekeo wa kwanza. La tatu likihitajika.

Ila ushauri wangu wa kweli ni kubadili rangi kwa kazi ya brashi. Akriliki za maji kama za Vallejo ya Hispania hazina alkoholi ya kunyanyua tabaka la chini, na unaweza kuzihifadhi mbichi kwa saa nyingi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko: chini tishu iliyoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea, rangi juu ya karatasi. Kwa joto letu hii ni neema. Enameli za Humbrol nazo, yaani rangi za mafuta, zile za vikopo vidogo vya bati ambazo maelekezo ya Airfix yanazitaja kwa namba, zinakauka taratibu na kujisawazisha zenyewe, michirizi inazama kabla haijaganda. Zikoroge kwa kipande cha fremu ya plastiki, ile inayoshika vipande vya modeli ndani ya boksi, mpaka rangi iliyolala chini yote ipande juu. Wengi wanakoroga nusu dakika na kushangaa rangi inang'aa wakati kopo linasema haing'ai. Zipe siku nzima kati ya tabaka na tabaka, na siku mbili kukiwa na mvua. Kuzipunguza tumia tapentaini, usitumie mafuta ya taa: yanaacha mafuta ambayo hayakauki vizuri. Na usipulize vanishi ya laka juu ya enameli, kiyeyusho chake kikali kinaweza kuikunja kama ngozi. Vanishi ya maji ndiyo salama.

Michirizi iliyopo sasa, ukishapuliza vanishi ya kung'aa na ikakauka siku mbili, isugue kwa msasa namba 2000 uliolowa maji yenye tone la sabuni, mkono mwepesi, mbali na stika na kingo. Utapunguza vilele vya michirizi. Haitaondoka yote, nami nisingehangaika nayo zaidi ya hapo. Ndege ya urefu wa sentimita 12.7 ikiwa rafuni hutazamwa kwa mbali.

Na rafiki yako je? Mwulize anamaanisha lini. Spitfire Mk.I ilibadilishwa rangi ya chini ndani ya muda mfupi, na hilo ni moja ya mambo yanayonifurahisha katika kazi hii. Juu zilikuwa kijani cha giza na kahawia ya udongo, ambazo kwa Humbrol ni namba 30 na 29. Chini, mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, zilipakwa bawa moja jeusi na jingine jeupe ili askari wa mizinga walioko ardhini wawatambue wenzao. Juni 1940 ikaja amri ya kupaka chini rangi iitwayo Sky, kijani kilichopauka chenye umanjano kidogo, Humbrol 90. Amri ilikuja ghafla na rangi yenyewe haikutosha viwanjani. Vikosi vikachanganya vilivyoweza kutokana na rangi zilizokuwapo, na ndege za majira yale ya joto, wakati wa mapambano ya angani yaitwayo Vita vya Uingereza, zilipaa na matumbo ya kijani, ya buluu na ya kijivu ya aina nyingi. Kwa hiyo kama modeli yako ni ya Julai au Agosti 1940, si rahisi mtu kukuambia kwa uhakika kwamba tumbo lako limekosewa, isipokuwa awe na picha au kumbukumbu ya ndege hiyohiyo kwa namba yake. Kama umepaka chini kijivu na juu kijani na kijivu cha bahari, hapo yeye ana haki, kwa sababu mpango huo ulianza Agosti 1941 na si wa ndege hii. Angalia tena alama ya mviringo ya ubavuni: ikiwa na pete pana ya njano nje, na juu ya mabawa ikiwa nyekundu na buluu tupu, uko mwaka 1940.

Kwa modeli ndogo mimi hupenda kuzipausha rangi kidogo kwa tone la nyeupe. Kijani cha giza kilicholingana kabisa na kile halisi, kikikaa juu ya bawa la sentimita chache, huonekana cheusi. Wapo wanaolipinga hili vikali. Mimi nimeshaamua.

Sasa kompresa. Jibu fupi: bado. Kipulizio, ile kalamu ya kupulizia rangi inayoendeshwa na hewa ya kompresa, kinaondoa michirizi ya brashi, hilo ni kweli. Hakiondoi weupe wa stika, maana ule ni mpangilio wa matabaka. Hakiondoi weupe wa kioo, ule ni gundi. Na ukungu wa vanishi kinaweza kuuongeza, kwa sababu kompresa ikibana hewa ya Pwani inakamua maji, na maji hayo yanakusanyika kwenye tangi na bomba la mpira mpaka siku moja yanatoka kama mate katikati ya bawa. Siku utakaponunua, chukua yenye tangi, yenye kichujio cha maji karibu na mkono, na kipulizio cha kitufe cha miondoko miwili chenye tundu la milimita 0.3. Fungua koki ya chini ya tangi umwage maji kila ukimaliza kazi. Pia tenga fedha ya barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi. Barakoa ya kitambaa haizuii thina kuingia mapafuni, na kama nyumbani kuna watoto, kazi hiyo haifanyiki sebuleni.

Najua pia kwamba vifaa hivi havipatikani madukani kwetu kirahisi, ndiyo maana mtu hushawishika kuchukua kopo la spirei la duka la vipuri vya magari. Baadhi yanafaa na mengine yanayeyusha plastiki. Pulizia kwanza kwenye kipande cha fremu kutoka kwenye boksi lilelile, acha siku nzima, kwaruza kwa ukucha. Thina ya gari usiiguse kabisa, plastiki yetu ni polistireni na thina ile inaila. Na usimwombe ndugu aliyeko Muscat au Dubai akubebee makopo ya spirei kwenye begi: rangi zinazowaka haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, zitachukuliwa uwanjani naye atapata usumbufu. Mwombe akriliki za maji, dawa ya stika na brashi.

Kwa hiyo anza hivi wiki hii. Jaribio la maji chini ya bawa leo. Kesho, mchana ukiwa mkavu, vanishi ya kung'aa chini tu, uone inavyokubali kabla ya kugusa juu. Stika zifuate kwa sindano, taratibu, jioni hata mvua ikinyesha, maana kazi hiyo haijali hewa. Kioo kitoe wakati huo huo. Vanishi isiyong'aa iwe ya mwisho, na siku hiyo niandikie kipimo kilisoma asilimia ngapi na saa ngapi ulipuliza.